Mwaka Tuliomtafuta Dekujus

Mama Mudogo tulimzika mvua zilipoanza, katika ile ardhi nyekundu ya Butembo inayoshika viatu na kukataa kuviachia, na juma zima baadaye nyumba ilijaa watu wasiojua wamsifu kwa lipi. Hakuzaa. Kanisani alikaa nyuma. Sokoni hakuwa mtu wa kelele. Siku moja tulikuwa tumekaa salon, sebule yetu, baada ya kula, na mtoto wa kaka yangu Paluku akaniuliza ilikuwaje mwanamke asiye na mtoto akabaki miaka yote ile katika nyumba ya mume wake, wakati katika familia nyingi tunazozijua mjane wa namna hiyo hupewa godoro lake na kuonyeshwa barabara. Nilitaka kumjibu kwamba ni sheria. Kisha nikakumbuka kwamba sheria tuliifikia mwisho kabisa, baada ya kupotea katika njia zote nyingine, na kwamba kwa majuma kadhaa tuliishi na maneno ambayo kila mmoja wetu aliyasikia kivyake. Nilimwambia mtoto asubiri. Naandika hapa yale niliyomwambia baadaye, pamoja na yale ambayo siku ile sikuweza kuyasema kwa sababu baba yake alikuwa amekaa palepale, akisafisha meno kwa kijiti na kuangalia dari.

Mwaka ule nilikuwa darasa la tano la sekondari, katika internat, bweni la masista, na nyumbani nilirudi likizo tu. Baba alikufa nikiwa huko. Nilipofika nilimkuta Mama Mudogo, mke aliyemwoa baada ya mama yangu kufariki, amekaa chini kwenye mkeka na kitambaa cheusi kichwani, na Paluku, kaka yangu mkubwa, amesimama mlangoni kama mgeni. Paluku aliishi Beni, akinunua kakao kwa wakulima wa Mabalako. Yeye na baba walikuwa wamekosana, hawakuwa wakisalimiana hata kwa simu, na sasa alikuwa amefika akakuta maiti. Hakulia. Alishughulikia jeneza, padri, viti, chakula cha watu, na kila mtu alisema huyu ni mwanaume. Mimi nilimwona usiku na mchana akipita mbele ya chumba cha baba bila kuingia.

Nyumba yetu iko upande wa Rughenda, ambako asubuhi ukungu hulala juu ya uwanja wa ndege mpaka jua lichoke kuungoja. Jikoni kwetu kuko nje, kumejengwa kwa mbao, lakini ukuta wake mmoja umekaribiana na dirisha la salon, na mambo makubwa ya familia yetu mimi niliyasikia nikiwa nachambua sombe, majani ya muhogo. Ndivyo tulivyomsikia Maître. Alikuwa wakili, rafiki wa Paluku, mtu mwenye suti na sauti nzito, aliyekuja kuwaeleza wanaume habari za urithi. Salon walikuwa wamekaa kwenye viti vyenye vitambaa vya kufumwa ambavyo Mama Mudogo alivifua kila Jumamosi. Sisi wawili tulikuwa jikoni. Mama Mudogo alikuwa anakoroga bugali, mimi nashikilia sufuria kwa kitambaa, na kupitia dirishani ikaingia sentensi moja ya Kifaransa, kisha Kiswahili chake.

"Hii nyumba ni ya de cujus," alisema Maître. "Na ile kiwanja, ile parcelle ya Mabalako, vilevile ni ya de cujus. Donc, mbele ya yote, liquidateur atafanya kazi yake."

Mwiko ulisimama.

"Kahindo," Mama Mudogo aliniambia kwa sauti ya chini, "huyo Dekujus ni nani?"

"Sijue, mama."

"Lakini wewe unasomaka Kifaransa."

"Ile neno hatujaifikia."

Alinitazama kama mtu aliyenunua tochi akaikuta haina betri. Kisha akaendelea kukoroga, polepole, na nikaona midomo yake ikijaribu lile jina. Dekujus. Lilifanana na majina ya wale Wagiriki ambao wazee walisema waliwahi kununua kahawa katika milima yetu. Nyumba ni ya Dekujus. Mama Mudogo alikuwa ameishi katika nyumba ile tangu siku ya arusi yake. Baba alimwambia aliijenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali, na yeye akaamini, akapanda maparachichi nyuma na maua mbele. Sasa alikuwa anasikia kwamba alipanda miti katika kiwanja cha mtu mwingine.

Leo watu wananiuliza kwa nini hatukuingia tu salon tukauliza. Wanaouliza hivyo hawajawahi kuwa mjane katika familia kubwa. Mjane aliye katika kilio haulizi habari za nyumba; akiuliza, watasema alikuwa anangojea mzee afe. Na mimi nilikuwa msichana wa shule ambaye baba alimlipia masista ili ajue Kifaransa, na nilikuwa naona haya kukiri kwamba Kifaransa kingine kilikuwa kinanipita kichwani kama ndege za Rughenda. Nilikwenda kutafuta katika kamusi yangu ndogo ya shule. Dekujus hakuwemo. Lakini lile lingine, liquidateur, lilikuwemo chini ya liquider, na maana zake zilikuwa zimepangwa: kulipa, kuuza vyote, kumaliza, na ya mwisho kabisa, kuua.

Hiyo ya mwisho hatukuhitaji kamusi. Kwetu sisi, kuliquider lilikuwa neno la askari. Mtu aliyeliquidiwa harudi nyumbani kula.

"Na liquidateur ni nani?" aliniuliza Mama Mudogo.

"Nazani ni Paluku. Bamesema ni mutoto mukubwa."

Kuanzia siku ile Mama Mudogo hakukaa peke yake na Paluku katika ua. Kama anamwekea chakula, alikiweka mezani na kurudi nyuma. Paluku aliona. Alikuwa mtu wa kuona mambo na kuyaweka moyoni bila kuyauliza, kama baba, na nadhani alikata shauri kwamba mwanamke anayemkwepa namna ile ana kitu anachoficha. Hivyo wote wawili walikaa katika nyumba moja, mmoja akiogopa kuuawa, mwingine akiogopa kuibiwa, na mimi katikati nikipeleka sahani.

Aliyetupa njia ni Mzee Ramazani, jirani yetu, Mwislamu mwenye malori yaliyopita Beni na kufika mpaka Kamango. Mama Mudogo alimwamini kwa sababu baba alimwamini. Tulimkuta mbele ya nyumba yake akitazama vijana wake wakifunga turubai, Mama Mudogo akamsalimia, akazunguka maneno mengi ya afya na mvua, na mwishowe akalileta lile jina.

"Mzee, katika safari zako, haujasikia mutu mumoja tajiri, banamuitaka Dekujus?"

Ramazani alifikiri kwa uaminifu kabisa. Ni hilo linalonisumbua mpaka leo, kwamba hakuna aliyetudanganya.

"Dekujus... Kule Beni kuna Déo Kyusa. Iko nauzisha mbao. Batu banalisemaka mbiombio: Dekyusa. Ikuwe ni ule?"

"Maître alilisema mu Kifaransa," nilisema.

"Basi ni ule. Kifaransa inaharibuka majina yetu."

Tulikwenda Beni katika kabini ya lori lake, kwa kisingizio kwamba Mama Mudogo anakwenda kumwona mdogo wake. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kwenda kusali na amebeba kikapu cha maparachichi, kwa kuwa huendi mikono mitupu kwa mwenye nyumba. Butembo tuliacha baridi. Beni tulishuka katika joto lililotugonga uso. Depo la mbao lilikuwa wazi, limejaa harufu ya miti iliyopasuliwa, na vumbi la msumeno lilikuwa linaelea katika jua mpaka ukaona kama hewa imetiwa unga. Katikati ya rundo la mbao alikaa mzee mwembamba, kofia kichwani, akikohoa. Hakufanana na Mgiriki. Alifanana na mjomba wa mtu yeyote.

Mama Mudogo aliweka kikapu chini, akapiga magoti. Nami nikapiga, kwa kuwa sikujua la kufanya.

"Papa," alisema, "mume wangu amekufa. Ile nyumba ya Butembo nimesikia ni yako. Mimi sikujuaka. Alinidanganya ao hakunidanganya, sijue tena. Mimi sina mutoto. Kama unanitosha mule, sina pa kwenda. Nakuomba, hapana nifukuze."

Na akalia. Kilio cha baba kilikuwa kimepita na yeye akiwa amepikia watu, amefua, amepokea rambirambi, huku mashangazi wakimchunguza kama machozi yake ni ya kweli. Sasa aliyamwaga yote mbele ya mtu asiyemjua, kwenye vumbi la mbao, na mzee yule alinyanyuka, akamshika mkono, akamkalisha juu ya ubao. Alinitazama mimi kana kwamba nitamweleza.

"Mama," alisema mwishowe, "mimi ile nyumba siijue. Lakini kama ni mimi unaomba ruhusa, nimekupatia. Kaa. Kaa mu nyumba yako mpaka utachoka nayo."

Kisha akaita mkewe atuletee chakula. Tulikula ndizi na samaki kwenye sahani moja ya bati, na mzee alizungumza habari za bei ya mafuta na barabara mbaya, kwa upole, kama unavyozungumza na mgonjwa. Wakati wa kurudi nilisema kile kilichokuwa kinanikwama.

"Mama, alisema nyumba haijue."

"Tajiri wa nyumba mingi anasahauka zingine," alijibu. Alikuwa na uso mwepesi ambao sikuuona tangu nirudi. "Cha lazima ni kwamba ameruhusu."

Jumapili iliyofuata familia ilikutana. Maître hakuweza kuja, lakini alikuwa amemweleza Paluku yote, na Paluku alikuja na yale maneno mdomoni kama mtu aliyebeba mayai. Mimi nilikuwa nahudumia chai, ninaingia na kutoka, na kila nilipoingia nilikuta kipande tu cha mazungumzo. Nilisikia Paluku akisema kwamba mama atapata usufruit na watoto watapata nue-propriété. Nilipotoka kuchukua sukari nilisikia kelele, na niliporudi shangazi yetu Katungu, dada mkubwa wa baba, alikuwa amesimama.

"Usufruit, si ni matunda? Kwa hiyo yeye anapata maparachichi yote. Na nue, mimi nilisoma kidogo, nue ni uchi! Batoto ya kaka yangu babaki uchi?"

"Ni vile Maître alisema," Paluku alijibu, naye sura yake ilionyesha kwamba tangu aliposikia maneno hayo alikuwa anajiuliza swali hilohilo.

"Uchi mu nyumba ya baba yao!"

Hapo ndipo Mama Mudogo, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, aliinuka. Hakuwahi kusema katika kikao cha familia. Alipangusa mikono kwenye kitenge.

"Matunda mukule nyinyi," alisema. "Mimi sitake matunda. Nimeongea na Dekujus mwenyewe. Amesema nikae mu nyumba mpaka nitachoka."

Paluku alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta.

"Umeongea naye... wapi?"

"Beni. Nilimukuta amekaa katikati ya mbao."

Shangazi Katungu alipiga yowe, akafanya ishara ya msalaba, na kikombe kikavunjika. Watu walitoka wakigongana mlangoni, wengine bila kofia zao. Katika muda mfupi tulibaki sisi, vikombe vya chai na mkate uliokatwa nusu. Mama Mudogo aliokota vipande vya kikombe kwa utulivu.

"Umeona?" aliniambia. "Yule Dekujus banamuogopa sana."

Nilikubali. Nilidhani kweli kwamba yule mzee mwembamba alikuwa na nguvu katika mji ambazo sisi hatukuziona.

Alasiri ile Paluku alikuja jikoni. Hakuwahi kukanyaga jikoni tangu arudi. Aliketi kwenye kigoda kifupi, magoti yakifika karibu na kidevu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimwita mama. Mama Mudogo alikuwa anamenya viazi. Kisu alikishika vizuri, maana liquidateur alikuwa karibu, lakini sauti ya Paluku haikuwa ya mtu wa kuua.

"Mama, ulimuona kweli?"

"Nilimuona."

"Iko namna gani?"

"Amekonda kidogo. Alikuwa anakohoa. Ni juu ya vumbi, kule vumbi ni mingi."

Paluku alifunga macho.

"Alikuwa na hasira?"

"Hapana. Ni mutu wa roho muzuri. Alitupatia na chakula. Kahindo pia alikula."

Paluku aligeuka akanitazama, na mimi, kwa kuwa ilikuwa kweli, nilitikisa kichwa kukubali. Sijui alikuwa anaona nini usoni mwangu. Alichezea ganda la kiazi kati ya vidole.

"Na mimi?" aliuliza. "Hakuniulizia?"

Mama Mudogo alishangaa. Kwa nini muuza mbao wa Beni amuulizie Paluku?

"Wewe? Hapana. Hakutaja jina lako hata kidogo."

Paluku alinyanyuka akatoka. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha. Tulimwona akienda nyuma ya pipa la maji, na baadaye tukasikia sauti ambayo kwanza nilidhani ni ya mbuzi wa jirani. Mama Mudogo aliacha kumenya. Tulitazamana. Mtoto ambaye hakulia kwa kifo cha baba yake alikuwa analia kwa sababu mtu wa mbao hakumsalimia. Hivyo ndivyo nilivyoelewa mambo mwaka ule.

Haukupita muda, mtaa ukabadilika. Kwenye bomba la maji mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake nyuma tulipopita. Muuza maharagwe alimrudishia Mama Mudogo chenji kwa kuiweka chini badala ya mkononi. Shangazi Katungu alikuwa akizunguka akisema kwamba kuna haja ya kuita watu wa maombi, kisha mwanamke huyu arudishwe kwao Mabalako kabla hajaita wengine. Nilisikia "wengine" na sikujua wengine gani. Siku moja asubuhi tulikuta jiwe limerushwa juu ya bati. Wanaojua kwetu wanajua kwamba jiwe la kwanza ni salamu tu.

Ni Mzee Ramazani aliyekuja kusema waziwazi. Alisimama mlangoni, hakuingia, lakini hakukimbia pia.

"Mama, mimi siamini. Mais banasema uko naongea na bafu."

"Bafu gani?"

"Marehemu mume wako."

"Mimi?" Mama Mudogo alishika kichwa. "Mimi niliongea na Déo Kyusa! Ni wewe ulinituma!"

Ramazani alikuna ndevu. Alisema kwamba yeye ni mtu wa malori, kwamba hapa kuna kitu kimeharibika njiani, na kwamba afadhali twende kuuliza pale lile neno linapotoka. Alikwenda kumchukua Paluku mwenyewe. Sijui alimwambia nini. Paluku alikuja, macho mekundu, na tulitembea wanne mpaka tribunal, kila mmoja hatua kadhaa mbali na mwenzake.

Ofisi ya mwandishi wa mahakama ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha moja, mafaili mpaka darini, na harufu ya karatasi iliyonyeshewa. Mwandishi alikuwa mama mnene mwenye miwani, alikuwa anakula karanga kutoka kwenye droo, na alitukaribisha nazo. Mama Mudogo hakuchukua. Alikuwa amechoka kuzunguka maneno.

"Dekujus ni nani?" aliuliza. "Anaishi wapi?"

Mwandishi alimtazama juu ya miwani.

"Mama, de cujus haishi."

"Amehama?"

"Amekufa."

"Déo Kyusa amekufa!" Mama Mudogo alishika meza. "Yesu wangu! Si juzi tu tulikula naye ndizi!"

Sasa mwandishi naye akapotea. Ilibidi Ramazani aeleze habari ya mbao, mimi nieleze habari ya jikoni na dirisha, na Paluku, aliyekuwa amesimama nyuma, alikuwa anasikiliza mdomo wazi. Mwandishi alipoelewa hakucheka. Alifunga droo ya karanga, akasogeza kiti chake karibu na Mama Mudogo.

"Mama, nisikilize. De cujus si jina la mutu. Ni Kilatini. Mutu akikufa na vitu, sisi mu tribunal tunamuitaka vile: ule ambaye urithi ni wake. Kila marehemu. Mu dossier yenu, de cujus ni bwana yako."

Kumbe salon walikuwa wameelezwa maana hiyo na Maître; jikoni haikutufikia. Nje mtu alikuwa anawasha pikipiki, inakataa kuwaka.

"Bwana yangu," alisema Mama Mudogo.

"Ndiyo."

"Basi nyumba ilikuwa yake."

"Ilikuwa yake, mama."

"Aliijenga kweli."

"Mimi sikuwa pale," alisema mwandishi, "mais karatasi zinasema ni yake."

Maneno mengine alitueleza moja moja, na naandika kama nilivyoshika. Liquidateur haui mtu; anasimamia vitu vya marehemu, analipa na kugawanya, kisha kazi yake inakwisha. Mama Mudogo alimtazama Paluku kwa mara ya kwanza bila kupima umbali wa mlango. Usufruit ni haki ya kukaa katika nyumba na kuitumia, siyo maparachichi, ingawa na maparachichi yamo kidogo. Nue-propriété ni umiliki mtupu: nyumba ni ya watoto, lakini hawawezi kumtoa mjane aliye ndani.

"Kwa hiyo nyumba ni yangu na siwezi kukaa ndani," alisema Paluku.

"Ndiyo."

"Na yeye anakaa ndani na si yake."

"Voilà."

"Na hakuna mwenye kuwa uchi."

"Hakuna, papa."

Nimefundisha Kifaransa kwa miaka mingi tangu siku ile, na watu hudhani ni kwa sababu ya siku ile. Sijui. Najua kwamba mtoto wa Paluku aliponiuliza juzi, baadaye nilimweleza umiliki mtupu na matumizi, na katikati ya maelezo nikapotea tena, kwa sababu hata sasa sielewi vizuri unamilikije kitu usichokishika, na kama hicho ndicho kitu tulichokuwa nacho sote kwa baba. Mtaani pia maelezo hayakufika kwa kasi ya uvumi. Shangazi Katungu aliomba msamaha mbele ya padri, lakini mpaka alipokufa hakukubali kula chakula cha Mama Mudogo bila kukinusa kwanza.

Tulipotoka tribunal Ramazani alikwenda kutafuta pikipiki. Sisi watatu tulisimama chini ya paa la mbele, maana mvua ilikuwa imerudi. Paluku alikuwa anatazama maji yakikimbia katika mfereji. Nilidhani ana hasira kwa kuchezewa na neno. Mama Mudogo alikuwa anamtazama yeye, na niliona kitu kikipita usoni mwake, polepole, kama mtu anayerudi nyuma katika mazungumzo na kukuta mahali alipokanyaga mguu wa mwenzake.

"Paluku," alisema. "Ile siku mu jikoni. Uliniuliza kama alikuulizia."

"Iache, mama."

"Hapana. Mimi nilikuwa nakuambia ule mutu wa mbao. Ule wa mbao hakujue. Atakuulizia namna gani?" Alimshika mkono wa koti. "Baba yako, hiyo ni habari ingine. Kahindo hakuona, alikuwa kwa masista. Kila siku tukipika samaki ya ziwa ya Kyavinyonge, baba yako anatosha kichwa, anaweka pembeni mu sahani yake. Anasema, hii ni ya Paluku, ule anapendaka kichwa. Namufunikia, naweka juu ya kabati. Tunakula, tunamaliza."

Paluku hakugeuka.

"Na kichwa?" aliuliza.

"Inabakia pale. Kesho yake anaikula yeye mwenyewe, ya baridi, hataki niipashe. Anasema, Paluku amechelewa."